Jamani, Mbwa Yule Haringi: Ni Masikio Yamechoka!

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja, na kama uko Insta wiki hii lazima umekutana nayo. Staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, yule mwenye mjengo wake nje kidogo ya jiji la Dar, amesimama barazani anamwita mbwa wake. "Komando! Komando, njoo!" Komando, dume la miaka 11, mvi zimeshamjaa puani na juu ya macho, amejilaza chini ya mwembe kampa mgongo bosi wake. Hageuki. Anaitwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Wapi! Staa anajigeuzia kamera, anabetua midomo: "Mnamwona lakini? Siku hizi ananiringia hadi mimi ninayemlisha."

Basi mji mzima ukacheka. Kufika jioni watu walishaanza kujirekodi wakiwaita mbwa wao, paka wao, wengine waume zao kabisa, na "unaringa kama Komando" ikawa ndiyo lugha ya mjini. Ushauri nao ukamiminika, si unawajua Wabongo kwa ushauri. "Shosti huyo ashazeeka, mpe mtu akamfungie shambani." "Dada mnyime chakula siku mbili tu, jina lake atalikumbuka." "Mbwa wa uswahilini hawana huo upuuzi, fimbo mbili zinatosha." Kuna aliyeona fursa kabisa, akatangaza ana watoto wa German Shepherd, bei maelewano, njoo inboksi.

Katika komenti zote zile, yenye akili ilipata laiki nne. "Dada angalia masikio yake, hayachezi." Hakuna aliyeijibu.

Na jibu lote lilikuwa hapo. Mbwa anayesikia halafu akaamua kukupuuza hawezi kuficha. Atalaza mwili, atafumba macho, ila sikio litamsaliti: litasimama kidogo, litageukia sauti ilikotoka, hata kwa nusu sekunde, kisha ndiyo arudi kwenye jeuri yake. Hata wale wenye masikio ya kulala, utaona shina la sikio linasogea. Sasa rudia klipu uangalie sikio la Komando. Nzi anatua juu yake, linatikisika vizuri tu, kwa hiyo halijafa ganzi. Jina lake linaitwa mara nne, sikio liko vile vile kama jani.

Halafu kuna ile sehemu ya mwisho, ambayo wengi hawakuifikia kwa sababu walishakimbilia kukomenti. Dada wa kazi anapita na bakuli. Kinachoamka kwanza kwa Komando ni pua. Pua inainuka, kichwa kinafuata, ndipo anamwona bosi wake amesimama pale, na mkia unaanza kupiga chini pa, pa, pa, mzee wa watu kafurahi kana kwamba staa ndo kwanza karudi kutoka lokesheni. Anayeringa hafanyi vile. Yule hakujua kama anaitwa.

Cha kuchekesha, kama kinachekesha, ni kwamba ushahidi wote uko kwenye ukurasa wa staa mwenyewe. Wadau wenye muda wao walishuka chini hadi posti za 2021. Kuna moja, gari bado liko mbali kwenye kona na Komando tayari yuko getini anaruka, na staa anasema kwa madaha kwamba mbwa wake anajua mlio wa gari lake kuliko mlinzi. Njoo miaka miwili mbele: sasa kuna mbwa jike mdogo ameletwa, Chichi, na kila honi ikipigwa ni Chichi anayetoka mbio, Komando anamwangalia kwanza, kisha anamfuata. Wote wakafika getini, wote wakabweka, nani angejua? Njoo Januari mwaka huu: Chichi kapelekwa kliniki, Komando kalala katikati ya njia ya kuingilia, gari linasimama hatua chache kutoka kichwani pake na yeye bado anaota. Maelezo ya posti ile: "Uvivu umemzidi baba huyu." Emoji za kucheka kama mvua.

Yaani mbwa alikuwa anapoteza masikio hatua kwa hatua, mbele ya maelfu ya watu, na kila hatua ikapewa jina la tabia. Kwanza mvivu. Kisha mwenye maringo. Wiki hii, kama utakavyoona, akapewa jina baya zaidi.

Kwa mbwa, usikivu wa uzeeni hauondoki kama umeme wa kukatika. Unapungua polepole. Kwa kawaida huanza kuonekana kwenye theluthi ya mwisho ya maisha yake, kwa mbwa wengi kuanzia miaka 8 hadi 10 hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo zinazonasa mtetemo wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena, iwe kwa mbwa au kwa binadamu. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, mtafiti George Strain ametumia miaka mingi kwenye ishu hii ya uziwi wa wanyama, na moja ya mambo yanayojulikana wazi ni kwamba mbwa wanaanza na utajiri kutuzidi: sikio la binadamu kijana huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa hufika kama 45,000. Ila uzee ukiingia, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Nzito hubaki nyuma.

Hilo la nyembamba na nzito ndilo linaloharibu ndoa nyingi kati ya mbwa na wenye mbwa. Mtu anasema, "Huyu anasikia anachotaka. Radi ikipiga anajificha chini ya meza, geti likibamizwa anaruka, mimi nikimwita kwa upole ananichunia." Ndiyo, na yote matatu yanaweza kuwa kweli bila mbwa kuwa na kosa lolote. Radi ni nzito. Geti linatikisa ardhi, na mtikisiko anausikia kwa miguu na kifua. Sauti nyembamba ya bosi wake, mluzi, mlio wa funguo, kicheko cha mtoto, hizo ndizo zilizoondoka mapema. Kwa hiyo anayempenda zaidi, anayemwita kwa sauti laini, ndiye anayeonekana kupuuzwa kuliko wote. Na hapo ndipo watu wanapoumia na kuanza kulipiza.

Mbwa naye hana namna ya kusema. Hajui hata kama kuna kitu kimepungua. Anajipanga tu: anatumia pua zaidi, anatumia macho, anamkodolea mwenzake, anakulalia miguuni ili ukiinuka ajue. Ndiyo maana wenye mbwa wengi huapa kwamba uziwi "umeanza juzi". Juzi ni siku mbinu zake zilipogoma. Dalili nyingine ndogo ndogo zipo, na zikija moja moja ni rahisi kuzipita: unaingia chumbani na haamki mpaka umguse, anabweka kwa sauti kubwa kuliko zamani, au anabweka bila sababu, ukimwita anageukia upande usio wako. Hiyo ya mwisho inatokea sana pale sikio moja limetangulia, maana mbwa anahitaji yote mawili ili ajue sauti imetoka wapi.

Sasa turudi kwa staa, maana stori haikuishia kwenye maringo. Siku ya tatu ikaja chalenji. Mtu fulani akaamua kwamba kwa kuwa Komando haamki, basi aamshwe, na staa, kwa tamaa ya kiki, akakubali. Mpwa wake, mtoto wa kama miaka 7, akapewa mifuniko miwili ya sufuria, akanyata hadi kwa mbwa aliyelala fofofo, akaipiga mara mbili karibu kabisa na kichwa. Komando hakuamka. Watu nyuma ya kamera wanacheka. Mtoto akamwekea mkono mgongoni amtikise. Hapo ndipo mbwa aliporuka, macho hayajafunguka vizuri, akang'ata mkono wa shati. Meno yakakwaruza ngozi. Mtoto akalia, na klipu ikakatika.

Baada ya saa moja staa akaandika kwamba Komando "kawa mkali", kwamba yeye ni mama na usalama wa watoto kwanza, na kwamba anatafuta daktari wa kuja kumchoma sindano ya mwisho. Mioyo iliyovunjika ikajaa chini yake. "Pole dada." "Uamuzi mgumu ila sahihi."

Sahihi kivipi? Kwanza, hakuna anayesema mtoto hakuumia au kwamba kovu ni utani. Lakini mtu yeyote akiamshwa gizani na mkono asioujua atarusha ngumi. Komando hakusikia nyayo, hakusikia kicheko, hakusikia mifuniko ya sufuria, jambo ambalo lenyewe lilitosha kuwa kipimo kwa yeyote aliyekuwa na macho. Kitu cha kwanza kilichomfikia duniani kilikuwa mkono mgongoni. Ukali ungeonekana mchana akiwa macho, na klipu za mchana zinaonyesha mtoto huyo huyo akimpanda mgongoni na yeye katulia kama kochi.

Pili, kulikuwa na komenti nyingine zilizopiga kelele "kichaa cha mbwa", na hizo si za kudharau. Tanzania ugonjwa huo upo na unaua. Mtu akikwaruzwa au kung'atwa na mbwa, jeraha linaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na hata kama ni mkwaruzo. Bila kusubiri kuona itakuwaje. Mbwa asichomwe sindano kwa hasira wala asiachwe azurure: anatengwa, daktari wa mifugo anaangalia kadi yake ya chanjo na kumfuatilia kwa siku 10. Mbwa aliyepata kichaa hubadilika ndani ya siku chache, anatokwa mate, anashindwa kumeza, sauti inabadilika, anadhoofika hadi kufa. Hakai miaka mitatu akipunguza kuitikia honi. Tofauti hiyo ingeweza kuokoa mbwa wengi mtaani ambao wamepigwa mawe kwa sababu tu walishtuliwa.

Na jambo hili halihitaji pesa ya staa. Kumjua mbwa asiyesikia kunaanza na funguo za nyumba. Msubiri akiwa amejilaza, macho kwake, mgongo kwako. Mbwa mwenzake mtoe kwanza, la sivyo utakuwa unampima Chichi. Simama mbali kidogo nyuma yake, upande ambao upepo hautampelekea harufu yako, na mtu mwingine awe mbele kwa mbali anarekodi masikio. Tikisa funguo mara moja. Subiri. Baadaye piga mluzi. Subiri tena. Kisha mtu agonge sufuria kutoka chumba kingine. Usipige mguu chini wala usipige makofi karibu naye, maana upepo wa makofi na mtikisiko wa sakafu vitamwambia kabla ya sikio. Usirudie rudie mpaka achoke, maana mbwa mzima naye akishagundua ni mchezo anakuacha na funguo zako. Jaribu tena kesho, na keshokutwa. Kama sufuria anaigeukia ila funguo hazimgusi, siku zote tatu, unajua unachokiangalia.

Kutoka hapo ni kwa daktari wa mifugo, na kuna sababu ya msingi ya kwenda. Si kila kuziba ni uzee. Sikio linaweza kuwa limejaa nta, usaha, utitiri, uvimbe, au kitu kimeingia, na baadhi ya hayo yanatibika na usikivu ukarudi. Harufu mbaya, kutikisa kichwa kila saa, kujikuna, kuinamisha kichwa upande mmoja, hiyo ni ya kwenda haraka. Uziwi uliokuja ghafla nao ni wa kwenda haraka. Kumwagia mafuta ya kupikia au spiriti sikioni, kama walivyoshauri baadhi ya mabingwa wa komenti, ni hatari. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka unapeleka uharibifu ndani zaidi. Zipo hata dawa za kawaida, gentamisini ni mojawapo, zinazoweza kuumiza usikivu, kwa hiyo dawa za kujinunulia dukani ni bora zikae huko huko dukani. Kipimo cha uhakika kipo, kinaitwa BAER, kinasoma umeme wa njia ya kusikia mpaka kwenye ubongo, ila hicho hukikuti kila kliniki ya mtaani. Daktari mzuri aliyeshika taa ya sikio na kukusikiliza tayari ni msaada mkubwa.

Aangalie pia kama ni masikio pekee. Mbwa mzee anayepotea kwenye uwanja aliouzoea, anayesimama kwenye kona akikodolea ukuta, anayetembea usiku kucha, huyo huenda ni kumbukumbu inayokwenda, na mambo hayo mawili huweza kuja pamoja.

Akithibitika kuwa ni uzee, dawa hakuna. Na hapa ndipo wale wa "atakula bure" wanapoingia na hoja yao, ambayo lazima ijibiwe kwa ukweli: kama Komando aliletwa awe kengele ya nyumba, kengele imeharibika. Usimtegemee tena usiku. Usimwachie barabarani, bodaboda hatampisha kwa sababu hatamsikia. Wekeni kengele nyingine, mwacheni Chichi afanye kazi. Lakini mbwa si kifaa cha kubadilishana dukani kikigoma, na kumwacha mnyama wako ateseke au kumtesa ni kosa, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008 hata kama watu wengi wameisikia leo kwa mara ya kwanza. Kumpeleka "shamba" mbwa kiziwi wa miaka 11, mahali asipojua harufu hata moja, kati ya mbwa asiowajua, watu wanakuita kumpa nafasi mpya. Huko ni kumtupa tu, kistaarabu.

Kinachotakiwa nyumbani ni kidogo mno. Mbwa hujifunza ishara za mikono hata uzeeni, tena wengi huzishika haraka kuliko maneno, kwa sababu muda wote walikuwa wanausoma mwili wako na wewe ukidhani wanasikiliza Kiswahili chako. Kiganja juu, kaa. Mkono kifuani, njoo. Usiku unawasha na kuzima taa ya barazani, au unamulika tochi chini karibu naye, si machoni. Kumwamsha, unaweka mkono mbele ya pua yake akunuse kwanza, au unamgusa begani pale pale kila siku, na ukimgusa unampa kitu kitamu ili mguso usimaanishe hatari. Watoto wanaambiwa sheria moja: mzee akilala haguswi. Na kwenye mkanda wa shingoni inaandikwa namba ya simu na neno moja, KIZIWI.

Kuna waliosema kwenye komenti kwamba kosa ni la zile sherehe za staa, spika kubwa zikipangwa hatua mbili kutoka bandani. Kelele za namna ile huua chembe za sikio, hilo ni kweli. Ila kwa umri wake miaka peke yake ingetosha, na kumtafutia mchawi sasa hivi hakumsaidii Komando. Spika zisogezwe tu. Chichi bado ana masikio yake.

Hadi jana usiku klipu ya mifuniko ilikuwa imeshafutwa, ile ya maringo bado ipo, na kuhusu sindano staa hajasema tena neno. Ila ameposti stori ya kawaida tu, anaonyesha viatu vipya barazani, na nyuma yake kabisa anaonekana mlinzi wa geti, mzee wa makamo mwenye koti la mvua, anakatiza uwanja kwenda kufunga. Anafika karibu na mwembe, anasimama, anapiga mguu chini mara mbili, taratibu. Komando anainua kichwa. Mzee anampa mkono anuse, kisha anamruka na kuendelea na safari yake. Inavyoonekana si mara ya kwanza, wala ya kumi. Huyo mlinzi alijua siku nyingi, na hakuna aliyemuuliza.

Wenye wazee wa miguu minne nyumbani, funguo mnazo. Majibu yaletwe hapo chini, na klipu za masikio zinaruhusiwa.